Joto Litokalo Chini: Mombasa, Mawe Yake na Mtoto Wako

Leo tunazungumza juu ya joto.

Najua kuna anayecheka. Sisi huku shida yetu ni baridi. Kuanzia Keroka mpaka Ikonge, mwezi wa Julai ukifika mtoto hatolewi nje bila sweta, soksi, marvini na shali juu yake, na kule kliniki tunasema habari za nimonia mpaka sauti zinakauka. Lakini niambie, mama, ni boma gani hapa kwetu lisilo na mtu Mombasa? Mmoja yuko bandarini, mwingine ni mlinzi Nyali, dada ameolewa Mikindani. Disemba ikifika mtoto anafungwa mgongoni, basi la usiku linapandwa, na kesho yake mnashuka Mwembe Tayari mkiwa bado mmevaa nguo za Keroka.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi nilipelekwa Mombasa kwa mazoezi, nikakaa kwa binamu yangu katika chumba kimoja cha kupanga. Januari hiyo shangazi alikuja kutoka Nyamira pamoja na mjukuu wake wa miezi minne na mama ya mtoto. Mtoto alifika amevikwa kama tunavyowavika huku, akabaki hivyo. Siku ya pili shingo na kifua vilijaa vipele vidogo vyekundu. Shangazi hakuwa na shaka yoyote: hii ni ebibiriria, kuna mtu mwenye macho amemtazama mtoto. Akaagiza mafuta, akamsugua mwili mzima, akamvika sweta tena. Usiku ule mtoto hakulala wala hakutaka ziwa. Alfajiri midomo ilikuwa imekauka, na nepi aliyofungwa jioni bado ilikuwa kavu. Nami, pamoja na masomo yangu yote, nilikuwa nimelala chumba hicho hicho nikijiambia kwamba wakubwa wanajua.

Tulimkimbiza hospitali akatibiwa, akapona. Lakini mwuguzi wa zamu, mama mmoja wa makamo, alituuliza swali ambalo sijalisahau. Baada ya kuuliza mtoto amenyonya mara ngapi, aliuliza: "Hapo mnapokaa, uani pana nini? Mchanga, miti, au saruji?" Nilidhani amechoka na kazi. Uani palikuwa na saruji tupu, ukuta wa mawe pande tatu, mabati juu, na hakuna hata mti mmoja.

Miaka mingi sasa nimekuwa nikilifikiria swali hilo. Jibu lake ni historia ndefu, na ningependa tuipitie pamoja kwa sababu itakusaidia siku utakaposafiri na mtoto.

Tuanze na jambo unaloweza kulipima mwenyewe. Siku ya jua kali, saa saba mchana, simama pale sokoni Daraja Mbili mjini Kisii, juu ya lami. Kisha tembea mpaka shamba la ndizi lililo karibu uingie ndani. Jua ni lile lile, saa ni ile ile, lakini mwili wako utakwambia umeingia nchi nyingine. Jua likipiga kitu, sehemu ya nguvu yake hurudishwa juu na sehemu huingia ndani. Lami mpya nyeusi hurudisha kidogo sana, labda sehemu 5 hadi 10 kwa kila 100, na kinachobaki inakimeza. Ukuta uliopakwa chokaa jipya hurudisha zaidi ya sehemu 70. Majani mabichi yana njia yao nyingine: hunywa maji ardhini na kuyatoa kama mvuke, kama mtungi wa udongo unavyotoa jasho na kuyapoza maji yaliyo ndani. Ndiyo sababu hewa ikiwa nyuzi 33, uso wa lami kwenye jua unaweza kupita nyuzi 55, na nyasi zilizo kando yake ukazikalia bila shida.

Sasa fikiria mtoto anaishi wapi. Wewe ukisimama, kichwa chako kiko mbali na ardhi. Anayetambaa, uso wake uko shubiri moja tu kutoka kwenye ile saruji. Anayelala juu ya mkeka amelala juu ya jiko lenyewe.

Tena kuna tofauti ya Pwani. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mchana tunaweza kuona nyuzi 27, lakini usiku hushuka mpaka 15 au 16 na mwili unapumzika. Mombasa, kati ya Januari na Machi, mchana hufika 32 au 33, na usiku joto linabaki hapo 24 au 25. Hewa yenyewe imejaa unyevu wa bahari, kwa hiyo jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Linabaki kwenye ngozi na kuziba vitundu vyake. Hivyo ndivyo vipele vile, watu wa Pwani huviita harara. Ukipaka mafuta mazito juu yake unaziba hata vile vitundu vilivyobaki wazi.

Je, watu wa Pwani waliishije miaka yote hiyo bila feni? Walijenga kwa vitu walivyokuwa navyo: jiwe la matumbawe, chokaa, boriti za mikoko, udongo na makuti. Jiwe la matumbawe lina vishimo vingi vya hewa ndani yake. Kuta zilijengwa nene, karibu nusu mita, na ukuta wa namna hiyo huchukua muda mrefu kupata moto. Chokaa walikipata kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo, wakapaka kuta zikawa nyeupe. Boriti za mikoko hazikufika mbali zaidi ya kama mita tatu, ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba. Na vichochoro! Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una njia ambazo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Ukuta wa upande huu unaitilia kivuli nyumba ya upande ule, na jua linaifikia ardhi muda mfupi tu adhuhuri. Wengine husema njia zilibanwa kwa sababu ya ulinzi, au ili ardhi itoshe. Huenda yote ni kweli, lakini mtoto aliyecheza pale alicheza kivulini.

Hata mji wa Gedi karibu na Malindi, ambao wenyeji waliuhama karne ya 17, una nyua zilizochimbwa chini kidogo ya nyumba na kuzungukwa na kuta. Siku hizi ni magofu ndani ya msitu. Ukiingia kutoka barabarani, ubaridi unakupokea kabla hujaliona jiwe la kwanza. Wareno nao walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 walitumia jiwe lile lile la Pwani.

Wasiokuwa na uwezo wa nyumba ya mawe, yaani wengi, walijenga kwa fito na udongo wakaezeka makuti. Mtaa wa Majengo mjini Mombasa ulikua namna hiyo katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Nyumba ina ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, baraza mbele na ua nyuma. Upepo unaingia huku unatokea kule. Chini ni udongo au mchanga, na jioni wanawake walinyunyiza maji kuutuliza. Mwembe au mwarobaini ukiwa karibu, hapo ndipo mahali pa kusukia, pa kupepetea mchele na pa kulazia watoto.

Sitaki kusifu ya kale kupita kiasi. Makuti hushika moto kwa cheche moja na nyumba kumi zikateketea. Hukaa panya, nyoka na wadudu, na yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Bibi zetu waliolala ndani ya nyumba za nyasi hapa Gusii wangekwambia hayo hayo, na moshi juu yake. Kwa hiyo mabati yalipokuja watu waliyapokea kwa sababu nzuri. Yalibuniwa Uingereza mwaka 1829, na hapa Kenya yalienea pamoja na reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Huko Mombasa wengine walianza kwa kukunjua madebe ya mafuta ya taa na kuyagongomea juu. Kwetu Kisii, Waafrika walipokuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kuruhusiwa kulima kahawa katika miaka ya 1930, fedha ya kahawa, na baadaye ya pareto na chai, iliishia juu ya paa.

Hapa kwetu bati halidhuru sana. Adhuhuri linawaka, lakini jioni milima inashusha baridi na tunawasha moto. Bati hilo hilo likipelekwa Mombasa bila dari chini yake ni kisa kingine. Bati jembamba hupata moto upesi na kuumwaga chini juu ya vichwa vya waliomo, na likishika kutu linameza jua zaidi kuliko lilipokuwa jipya linang'aa. Tena Mombasa ilikuwa ikipanuka. Miti ilikatwa ili vyumba vya kupanga viongezwe uani, mchanga ukafunikwa saruji ili usiingie nyumbani, njia za udongo zikawekwa lami. Kila hatua ilikuwa na faida yake, na kila hatua iliongeza joto kidogo.

Jambo hili halikuanzia Afrika. Mtu mmoja wa London, Luke Howard, aliyekuwa mtengenezaji wa dawa, alipima hali ya hewa kwa miaka mingi ndani ya jiji na nje yake, akachapisha matokeo kuanzia mwaka 1818. Aligundua kwamba usiku katikati ya London palikuwa na joto zaidi kuliko mashambani kwa karibu nyuzi 2. Angalia alisema usiku. Mawe na matofali hula joto mchana, na jua likizama huanza kulitapika polepole mpaka karibu alfajiri. Katika nchi baridi kama Uingereza hiyo ni nafuu. Kwa mtoto wa miezi minne aliyelala Mombasa katikati ya kuta tatu za mawe na sakafu ya saruji, ndizo saa ambazo mwili wake ungepumzika, na haupumziki.

Basi, je, ardhi ikishaharibika inaweza kurudi? Hapo Bamburi, kaskazini ya mji, kuna jibu. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954 kilichimba matumbawe ya kale kwa saruji, na kikaacha mashimo makubwa ya jiwe jeupe lililo wazi, bila udongo, linalochomwa na jua kutwa. Mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alijaribu aina 26. Zilizosalimika ni 3 tu, na mmoja wao ulikuwa mvinje, mti ule mrefu wenye majani kama sindano unaouona ufuoni. Mvinje unaweza kuvumilia jiwe na chumvi, lakini majani yake makavu yalilala chini bila kuoza. Ndipo wakaletwa majongoo. Ndiyo, majongoo haya haya tunayoyakanyaga. Walikula yale majani, kinyesi chao kikawa udongo, udongo ukapokea miti mingine, na shimo lile likawa msitu. Leo linaitwa Haller Park. Watoto wenu huenda wanapajua kwa sababu ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi wakati wa tsunami ya Disemba 2004 na kupelekwa huko, akafanya urafiki na kobe mzee. Nilipopatembelea siku ya mapumziko wakati wa mazoezi, nilisimama kwanza barabarani, kisha nikaingia chini ya mivinje. Hapo ndipo swali la yule mwuguzi liliponiingia vizuri.

Miaka ya karibuni mitaa mingi ya Mombasa imetandikwa kabro. Watu huniuliza kama kabro ni mbaya. Mimi nasema ni afadhali kuliko matope yenye mbu na vumbi la kuumiza macho. Nyingi ni za rangi isiyokoza kama lami, na maji ya mvua hupenya kidogo katikati yake. Lakini kabro bila mti bado ni jiwe juani. Wala usidhani kila kitu cheupe ni dawa. Paa jeupe linarudisha jua mbinguni, hilo ni zuri; ukuta mweupe ulio kando ya uwanja wazi unalirudisha jua machoni pako na juu ya mtoto. Katika hewa yenye unyevu kama ya Pwani, kinachosaidia kuliko vyote ni kivuli chenye upepo. Pepo za kaskazi na kusi zilijaza matanga ya majahazi kwa karne nyingi, na ua uliozungushiwa ukuta mrefu pande zote unazifungia nje.

Sasa tuje kwa safari yako. Kabla hamjashuka basi, au hata mkifika Voi, mvue mtoto marvini, sweta na soksi. Abaki na nguo moja nyepesi ya pamba. Mtoto mchanga hupoteza joto jingi kupitia kichwani, na kofia ya sufi Mombasa ni kumzibia mlango wake. Usimfunike uso kwa shali kumkinga jua. Hewa ndani hupata moto upesi. Ukimbeba mgongoni mnapashana moto wawili, kwa hiyo mshushe mara kwa mara, na leso iwe ya pamba.

Ukifika nyumbani kwa mwenyeji wako, usiulize kwanza mtalala wapi. Tazama chini na juu. Kama uani ni saruji, mtoto asilazwe hapo kuanzia saa tatu asubuhi, na hata jioni pitisha kiganja chako kwanza: kama hukiwezi kukilaza hapo, naye hawezi. Tafuta mti, hata kama ni wa jirani. Watu wa Pwani si wagumu wa kivuli. Maji yakiwepo, nyunyiza sakafu jioni na ufungue pande mbili upepo upite. Na neti ya mbu usiitoe kwa sababu ya joto. Watoto wetu wa milimani hawana mazoea ya malaria kama wa Pwani. Mtoto akiwa na mwili moto, mvue nguo, mpeleke kivulini, na kama joto halishuki upesi mpeleke apimwe. Usiseme ni hali ya hewa tu.

Aliye chini ya miezi sita anyonyeshwe tu, lakini mara nyingi zaidi kuliko nyumbani, hata usiku. Hahitaji maji, maziwa yako yana maji ya kutosha, mradi wewe mwenyewe unakunywa. Aliyezidi miezi sita apewe maji safi kidogo kidogo. Kama mdomo umekauka, utosi umebonyea, hajakojoa kwa saa sita, amelegea au hataki kunyonya, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Harara zenyewe mwogeshe maji ya kawaida, mkaushe polepole, asipakwe mafuta mazito, akae mahali penye hewa. Kwa kawaida hupungua siku mbili tatu. Na shangazi au nyanya akisema ni ebibiriria, usigombane naye mbele ya mtoto. Mwambie tu, "Sawa mama, lakini kwanza tumtoe kwenye hili joto."

Yule mtoto sasa yuko sekondari, mrefu kuliko mimi. Shangazi bado anasema ilikuwa ebibiriria na kwamba mafuta yalisaidia. Lakini kila anapopanga kwenda Mombasa, humpigia simu binamu yangu wiki moja mapema, na kabla ya salamu kuisha humwuliza kama ule mwarobaini wa jirani bado umesimama.